Mabomba Yaliyo Chini ya Vihamba Vyetu

(Maneno ya Kamati ya Maji kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Habari ya michango mtaisikia kwa Mhazini, na bajeti yenyewe iko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Sisi tumeombwa tueleze kwa nini Kamati ya Maji, ambayo miaka yote huja hapa kuomba fedha za mstari mkubwa wa maji, safari hii inaomba pia ruhusa ya kuingia ndani ya mageti yenu. Tutaanza na kaburi.

Wengi wenu mlikuwepo. Tulikuwa tunamzika mama yetu mmoja, na kama ilivyo desturi yetu huko mlimani, anazikwa kihambani kwake, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Vijana waliamka alfajiri wakaanza kuchimba. Walikuwa hawajafika futi mbili sululu ilipotoboa bomba. Maji yakaruka juu kuliko migomba. Mwanzoni watoto walicheka, kisha watu wazima wakaanza kuulizana: linafungwa wapi? Hakuna aliyejua. Mwenye nyumba anaishi Mwanza, fundi aliyelilaza alishahamia Arusha na simu yake haipatikani, na mzee pekee aliyeonyeshwa njia ya bomba hilo ndiye mume wa marehemu, ambaye tulimzika miaka mitatu kabla. Ikabidi vijana wapande hadi kwenye mstari mkubwa na kufunga maji ya kitongoji kizima, siku ya msiba, masufuria yakiwa jikoni na watu mia kadhaa wakisubiri kula. Kaburi lilisogezwa hatua kumi. Tulizika jua likielekea kuzama.

Baada ya matanga tulikaa tukajiuliza: katika nyumba zetu wenyewe, sisi wanakamati, ni nani anayeweza kusimama uani na kuonyesha kwa kidole bomba la maji linapopita na bomba la choo linapopita? Tulikuwa saba. Aliyeweza ni mmoja, na yeye ni kwa sababu alichimba mtaro huo kwa mikono yake.

Wazee wetu wasingeelewa jambo hili. Mfongo ulikuwa unaonekana. Maji yalitoka mtoni juu msituni, yakapita kihamba kwa kihamba, na kila mtu alijua yameingia kwake saa ngapi, yametoka saa ngapi, na nani amebomoa ukingo. Mfongo ulikuwa na mzee wake, zamu zake, na faini kwa aliyechafua. Tulioteka maji humo tukiwa wadogo tunakumbuka kuamshwa giza bado halijatoka, tuchote kabla ng'ombe hawajanyweshwa. Mtu hakuhitaji ramani. Alikuwa na macho.

Kisha yakaja mabomba. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi kijijini awe anapata maji umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mpango huo haukufika pote, lakini mawazo yake ndiyo yaliyotuletea vilula vya njia panda na bomba la chuma ambalo wazazi wetu walichimbia mitaro kwa msaragambo. Tunaomba mwangalie vizuri mpango ule ulikusudia nini: kilula kimoja kwa kaya nyingi. Hakuna aliyepanga kila nyumba iwe na bomba lake la kuingia ndani, jiko lenye sinki, choo cha kuvuta na bafu mbili. Hayo tumeyaleta sisi wenyewe, mmoja mmoja, kila tulipopata bonasi au mkopo wa chama cha akiba. Mstari mkubwa una mchoro ofisini. Mistari midogo, ile inayotoka kwenye mstari mkubwa hadi kwetu na ile inayotoka kwetu hadi shimoni, haina mchoro popote. Ni mamia ya mabomba yaliyolazwa na mafundi tofauti, wengi wakilipwa kwa siku, mwenye nyumba akiwa kwenye simu kutoka Dar es Salaam.

Sasa tueleze mambo yalivyo, kuanzia juu kwenda chini, maana kwetu maji yanatoka juu.

Tangu Julai 2019 huduma za maji vijijini ziko chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka huo, na chini yake kuna vyombo vya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi mnaviita jumuiya. Jumuiya inashughulika na chanzo, tangi na mstari mkubwa hadi kwenye mita yako. Kuanzia mita kwenda ndani ni mali yako na ni mzigo wako. Mita ikiwa imefungwa barabarani, mita 80 kutoka nyumbani, basi mita 80 zote za bomba ni zako, hata zikipita chini ya njia ya jirani. Likivuja, maji yaliyopotea yamekwisha kupita kwenye mita, na bili ni yako.

Na huvuja. Bomba linalovuja lita 1 tu kwa dakika, kiasi ambacho udongo wetu unakimeza bila hata kulowa juu, linapoteza lita 1,440 kwa siku. Hizo ni ndoo 72 za lita 20. Kwa siku 30 ni zaidi ya yuniti 43, kwa kuwa yuniti moja ni lita 1,000. Tuna wanachama waliogombana na msoma mita, wakamwita mwizi mbele ya watoto, na baadaye tukakuta bomba limekatika chini ya zizi. Kipimo chake ni rahisi. Jioni, funga koki zote za nyumbani, na hakikisha tangi la choo limejaa na limetulia. Andika namba za mita, mpaka zile nyekundu za mwisho. Mtu asiguse maji kwa saa mbili, kisha soma tena. Namba zikiwa zimesogea, maji yanakwenda mahali usipopajua. Ukitaka kujua wapi, ngoja usiku watu walale, simika nondo ardhini juu ya njia ya bomba na uweke sikio kwenye ncha yake. Maji yanayotoka kwa nguvu yana mlio. Mwezi wa Januari na Februari huhitaji hata nondo: tazama mahali ambapo majani yamebaki kijani pekee yake.

Lakini kwa nini yapasuke? Hapa inabidi tuseme jambo la presha, kwa sababu ndilo linalotofautisha mlimani na tambarare, na ndilo mafundi wengi kutoka nje hawalizingatii. Maji yaliyo ndani ya bomba yanaongeza presha ya karibu bar 1 kwa kila mita 10 yanazoshuka. Si urefu wa bomba unaohesabiwa, ni mteremko: tofauti ya kimo kati ya tangi la juu na koki yako. Kati ya tangi letu la juu na nyumba za chini kuna mteremko wa zaidi ya mita 100. Maana yake, koki zikiwa zimefungwa zote, bomba la nyumba ya chini linabeba bar 10 na zaidi. Sasa nenda duka la vifaa uangalie roli ile nyeusi yenye mstari wa buluu. Imeandikwa PN 6, au PN 10, au PN 16. Hiyo ndiyo presha bomba lilivyoundwa kuibeba, kwa bar. PN 6 ni jembamba na bei yake ni nafuu, na fundi atakwambia mabomba yote ni sawa. Kwa nyumba iliyo mita 40 chini ya tangi, ni sawa kweli. Kwa nyumba iliyo mita 100 chini, umenunua bomba la kupasuka.

Na halipasuki mchana. Mchana watu wanachota, maji yanatembea, presha inapungua. Linapasuka saa nane usiku, wakati kila mtu amefunga koki na uzito wote wa mlima umekaa juu ya kiungio kimoja kibovu. Asubuhi tunasema wahuni wamekata bomba. Mara nyingine ni wahuni kweli, hatuwatetei.

Dawa ya presha si bomba nene peke yake. Ni kujenga kwenye mteremko matangi madogo ya kukata presha: maji yanaingia, yanamwagika hewani, yanatulia, kisha yanaanza safari upya kama vile chanzo kiko hapo. Mbili kati ya hizo zimo kwenye bajeti ya mwaka huu, na tunaomba msizifute kwa kuona ni visanduku vya zege tu. Zinalinda mabomba yenu ninyi, sio yetu.

Tumesema kiasi hicho kuhusu bomba linaloingia. Linalotoka watu hawapendi kulizungumzia kwenye ukumbi wenye chakula, mtatuwia radhi.

Moshi mjini ziko sehemu zenye mtandao wa maji taka wa mamlaka: nyumba inaunganishwa, na mkojo wako unakuwa kazi ya ofisi. Kwetu hakuna. Kila nyumba ina mtandao wake wenyewe, mfupi, unaoanzia chooni na kuishia shimoni, na mwenye mamlaka ni wewe. Bomba la inchi 4 linatoka chooni, linapita kwenye chemba, linaingia kwenye tangi la maji taka, na maji yaliyopungua uchafu yanatoka upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunywea. Tangi hilo linatakiwa kuwa na vyumba viwili. Cha kwanza ni kikubwa, tope linazama chini, mafuta yanaelea juu, na katikati maji yanapita kwenda cha pili. Tope haliyeyuki lote. Linaongezeka kila mwaka, na baada ya miaka kadhaa lazima linyonywe. Tunajua nyumba zenye umri wa miaka 20 ambazo gari la kunyonya halijawahi kuingia, na mwenye nyumba anajisifu kwamba shimo lake halijai. Shimo lisilojaa kwa miaka 20 lina ufa, na kilichomo kinakwenda kwa jirani wa chini.

Bomba hili halina presha hata kidogo. Linategemea mteremko wake tu. Kwa bomba la inchi 4, shusha sentimita 2.5 kwa kila mita moja, na uweke chemba kila linapokata kona, ili likiziba mtu azibue bila kuvunja sakafu. Likilazwa bapa, uchafu unakaa. Usiunganishe maji ya paa humo. Mvua ya masika itajaza shimo kwa usiku mmoja. Usimwage majivu wala mafuta ya kukaangia, na samahani kwa akina mama, machicha ya mbege yasipite kwenye sinki. Tumeyatoa kwa mikono, tunajua tunachosema.

Kitu kingine kinachotuumiza ni urembo. Watu wanarudi Desemba, wanataka uwanja mzuri wa magari, wanaweka pevingi kutoka geti hadi mlangoni. Uwanja unapendeza. Chemba nne ziko chini yake, hakuna alama hata moja, na gari la tani kadhaa linageuzwa juu ya bomba lililolazwa kwa ajili ya kubeba maji tu.

Sasa tuseme lile lililotufanya tuje kuomba ruhusa ya kuingia kwenu. Lilitokea kwenye nyumba ya mmoja wetu hapa mezani, naye amekubali tuliseme mradi tusimtaje.

Nyumba ilijengwa kwa fedha za kutoka hapa Dar. Fundi, kwa kupunguza gharama ya kuchimba, alilaza bomba la maji na bomba la choo kwenye mtaro mmoja, hatua ishirini hivi, kutoka nyuma ya nyumba hadi karibu na mparachichi. Hakuna aliyeona kosa. Maji yalitoka, choo kilivuta, fundi akalipwa, akapewa na mbege. Ikapita miaka. Mizizi ya mparachichi ikafuata unyevu, ikaingia kwenye kiungio cha bomba la choo, ikanenepa humo ikalipasua. Maji taka yakawa yanajaa ndani ya mtaro ule ule uliolala bomba la maji. Na bomba la maji lenyewe lilikuwa na kiungio kinachovuja kidogo. Hata hapo, jamani, hakuna aliyeumwa. Maji yakiwa na presha yanasukuma kwenda nje, uchafu hauwezi kuingia.

Masika yaliyopita jumuiya ilifunga mstari mkubwa siku mbili kufanya matengenezo juu. Ndipo mlima ulipotugeuka. Nyumba za chini zilifungua koki zao kuona kama maji yamerudi, na zikaziacha wazi. Maji yaliyobaki kwenye mstari yakashuka kwao kwa uzito wake. Bomba linaloshusha maji huku juu limefungwa hufanya kama mrija: linanyonya. Likanyonya kupitia kila tundu lililokuwa nalo, na tundu moja lilikuwa limelala ndani ya maji taka. Maji yaliporudi siku ya tatu, yalikwenda na kile kilichonyonywa. Hayakwenda kwenye nyumba ile peke yake. Yalishuka.

Watoto wanne na bibi yao walilazwa kwa kuharisha, na katika nyumba mbili za chini, ambazo hazina mparachichi wala fundi wa bei nafuu, wakaumwa pia. Namshukuru Mungu, alisema bibi alipotoka, ila bomba hilo hata kufulia sitafulia. Mpaka leo anachota kwa jirani. Ilituchukua siku tatu kulipata tundu, kwa sababu, tena, hakuna aliyejua bomba linapita wapi. Tulikata migomba ya watu. Tulitoboa bomba la jirani ambalo halikuwa na ugonjwa wowote.

Tulipoleta habari hii kwenye kikao cha tawi, baadhi ya wanachama walisema: hayo ni mambo ya ndani ya geti, Kamati ishughulike na mstari mkubwa. Tumelifikiria neno hilo kwa heshima, maana waliolisema ni watu wanaochangia sana. Lakini hatukubaliani nalo. Mfongo ukichafuliwa kihambani kwa fulani, hakuna mzee aliyewahi kusema ni mambo ya ndani. Tukijenga mstari mpya wenye presha nzuri na tukauunganisha na mabomba yale yale yaliyooza, mwaka wa kwanza tutapasua nusu yake, na kila siku maji yatakapokatika tutanyonya kila kilichomo kwenye mitaro yetu.

Kwa hiyo mambo tunayoyaomba ni haya. La kwanza ni mchoro. Hatutaki mchoro wa mhandisi. Karatasi ya daftari inatosha: nyumba, geti, mita, koki ya kufungia, tangi, chemba, shimo, na mistari miwili, ya maji kwa kalamu ya buluu na ya choo kwa nyekundu. Pima kwa futi kutoka kona mbili za nyumba, ukutani, wala usipime kutoka kwenye mti, mti utakatwa. Kama hujui chemba ipi inapokea choo kipi, changanya bluu ya kufulia kwenye ndoo, mwaga chooni, na mtu asimame kwenye chemba atazame. Kama unajenga sasa hivi, ni rahisi zaidi: kabla mtaro haujafukiwa, mwambie msimamizi apige picha kwa simu, kipimo kikiwa kimelazwa pembeni, na akutumie. Fundi akikataa kupigwa picha mtaro wake, umeshajua kitu. Kisha alaze waya mwembamba wa shaba juu ya bomba la plastiki, maana plastiki haitafutwi kwa kifaa cha kutafutia chuma, na juu yake mstari wa matofali, ili sululu ya kesho igonge tofali kwanza.

Nakala moja ibandikwe nyuma ya mlango wa stoo nyumbani, nyingine ibaki kwa Katibu wa tawi. Na tuseme wazi kwa sababu tuliulizwa: karatasi hiyo haihusiani na mpaka wa shamba wala hati. Haitatumika kwenye kesi ya mtu. Inaonyesha mabomba.

La pili ni kutenganisha. Mitaro ya maji na ya choo ikae mbali, mita 3 zikipatikana. Pale ambapo lazima ikatane, la maji lipite juu na la choo chini, katikati kukiwa na futi moja na nusu ya udongo. Bomba la maji lizikwe si chini ya sentimita 60, na zaidi kidogo magari yanapopita. Shimo la maji taka likae mita 30 kutoka kwenye chemchemi au kisima, na libaki upande wa chini wake. Vihamba vyetu ni vyembamba na vimegawanywa sana, tunajua. Kuna nyumba ambazo mita 30 hazipo. Kwa hizo tutakaa na majirani wawili au watatu tuone kama shimo moja lililojengwa vizuri mahali pa chini linaweza kuwatosha wote. Mazungumzo hayo ni magumu kuliko kuchimba, na wazee mtatusaidia.

La tatu ni koki mbili. Kila nyumba iwe na koki ya kufungia baada ya mita, ndani ya kisanduku chenye mfuniko unaofunguka, na kando yake kifaa cha kuzuia maji yasirudi nyuma. Ni kitu kidogo cha shaba kinachotoshea kiganjani. Kingekuwepo pale, uchafu wa nyumba moja usingetoka kwenda kwa wengine, ingawa nyumba yenyewe isingepona. Kamati inapendekeza vifaa hivi vinunuliwe kwa pamoja kutoka fedha za harambee, kila nyumba ipate, awe mwanachama au asiwe. Tunajua kuna watakaouliza kwa nini asiyechangia apewe. Jirani asiyechangia anakaa juu yako, au chini yako.

Kuhusu nyumba ambazo wenyewe wako mbali na zinatunzwa na vijana wa kazi: tunaomba barua au ujumbe wa simu unaoturuhusu kuingia pamoja na mjumbe wa nyumba kumi. Hatuingii ndani, tunazunguka uani tu. Gharama ya kutenganisha mitaro ni ya mwenye nyumba. Lakini kuna wajane na wazee wanaoishi peke yao ambao hawataiweza, na kwa ajili yao tumeweka fungu kwenye bajeti. Majina hatutayasoma hapa.

Tutaanza na nyumba za chini, zinazobeba presha kubwa, kisha tunapanda. Msaragambo wa kwanza ni tarehe 27 Desemba, saa mbili asubuhi, kwenye tangi la juu. Mtakaokuja nyumbani kwa Krismasi njooni na sululu na viatu vya kazi, maana pevingi zenu tutaziinua kwa uangalifu na kuzirudisha ninyi wenyewe mkiwa mmesimama. Karatasi za michoro ziko mezani kwa Mhazini, pamoja na kalamu za rangi mbili. Aliyekaa karibu na mlango tayari amechora yake, na ameiacha wazi sehemu moja, kati ya jiko na ghala la kahawa, akaandika: hapa sijui, nitamuuliza mama.